Mtego wa fremu katika Street Fighter 6: jinsi ya kumnasa anayekimbilia kubonyeza

Kuna mpinzani ambaye hakubali kukaa kwenye kinga. Umempiga ngumi, ameizuia, na kabla hujapeleka ya pili, yake imeshakufika usoni. Wachezaji wengi wakikutana na mtu wa namna hii huongeza kasi ya vidole, wakaishia kupokonyana zamu mpaka raundi inaisha. Dawa yake ni kumwachia mwanya mdogo wa makusudi: unaomtosha kuacha kinga, usiomtosha kukamilisha pigo lake. Huo ndio mtego wa fremu. Hapa tunautengeneza kwa kutumia Street Fighter 6, gemu la Capcom lililotoka Juni 2023, kwa sababu namba zake ziko wazi na chumba chake cha mazoezi kinaonyesha kila kitu.

Hesabu kwanza

Gemu linakwenda kwa fremu 60 kwa sekunde, yaani picha 60 zinazofuatana, kwa hiyo fremu moja ni takriban milisekunde 16.7. Kila pigo lina sehemu tatu: fremu za kuanza, ambapo mkono unatoka lakini bado haudhuru, fremu za kupiga, na fremu za kurudi, ambapo huwezi kufanya lolote. Ukisoma kwamba pigo linaanza kwa fremu 4, maana yake fremu ya 4 ndiyo inayogonga.

Pigo likizuiwa, aliyezuia anaganda kidogo na aliyepiga anamalizia kurudi. Tofauti ya nani anafunguka mwanzo ndiyo faida. Pigo la +2 linakufungua fremu 2 kabla yake. Pigo la −3 linamfungua yeye fremu 3 kabla yako.

Sasa kanuni yenyewe, na ni moja tu ya kukariri. Chukua fremu za kuanza za pigo la pili, toa faida ya pigo la kwanza likizuiwa. Jibu ndilo pengo. Kwa kuwa mapigo mepesi ya haraka kuliko yote katika SF6 huanza kwa fremu 4, pengo linasomeka hivi:

- 0 au chini ya hapo: hakuna mwanya. Mpinzani amefungwa kwenye kinga na hata akitwanga vitufe vyote hakitoki kitu. Huu si mtego.
- 1 hadi 3: mtego. Ngumi yake ya fremu 4 inaanza kutoka, yako inamkuta katikati.
- 4: mnagongana wote wawili kwa wakati mmoja.
- 5 na kuendelea: yeye anakuwahi.

Tuitazame moja kwa karibu. Pigo lako la kwanza limezuiwa na una +1. Unatoa ngumi nyepesi ya fremu 4. Fremu yako ya 1 inapita yeye bado ameganda. Fremu yako ya 2 ndiyo yake ya 1, ngumi yake inaanza kutoka. Yako ya 3 ni yake ya 2. Yako ya 4 inagonga wakati yeye yuko kwenye ya 3, amebakiza fremu moja tu ili ngumi yake iwe na madhara. Hiyo moja ndiyo ushindi wako. Lakini badilisha ngumi ya fremu 4 uweke pigo la fremu 5 kwenye +1 hiyohiyo, pengo linakuwa 4 na mnagongana. Ndiyo maana kubahatisha hakufai hapa.

Pengo la fremu 3 ni milisekunde 50. Hakuna binadamu anayeuona mwanya huo kwa macho akaamua kuacha kubonyeza. Aliyenaswa alikuwa ameshaamua kubonyeza kabla, na ndiyo sababu mtego huu unafanya kazi hata kwa wachezaji wazuri.

Na malipo yake ni makubwa. Ukimpiga mtu wakati pigo lake linatoka, unapata kaunta: madhara yanaongezeka kwa asilimia 20 na unaongezewa fremu 2 za faida. Ngumi nyepesi ambayo kwa kawaida ikipata inakupa +4 sasa inakupa +6, na kwenye +6 unaweza kuunganisha pigo la kati la fremu 6 ambalo siku nyingine lisingeunga. Kombo yako, yaani mfululizo wa mapigo yanayoungana, inahama kutoka vipigo vyepesi kwenda kwenye kitu kinachouma.

Hatua ya 1: Andika mapigo yako

Chagua mhusika mmoja. Namba rasmi za kila mhusika ziko kwenye tovuti ya gemu lenyewe, Buckler's Boot Camp. Chukua daftari, piga safu nne: jina la pigo, fremu za kuanza, faida likizuiwa, faida likipata. Usiandike mapigo yote. Andika mepesi yote, ya kati yote, na mazito yale tu unayoyatumia karibu na mpinzani.

Halafu weka alama kwenye kila pigo ambalo likizuiwa linakuacha kati ya −1 na +3. Hayo ndiyo ya kufungulia mtego. Yaliyo −4 na kushuka yaache, hayo ni ya kuadhibiwa. Yaliyo −1 yanafaa kwa msaada tu, kama tutakavyoona kwenye Drive Rush, ule mkimbio wa ghafla kumwelekea mpinzani. Peke yake −1 ukifuatisha ngumi ya fremu 4 unapata pengo la 5, na wewe ndiye utakayenaswa. Kosa hili ndilo la kwanza kwa karibu kila anayeanza: anaona pigo lake "ni salama", anadhani bado ni zamu yake.

Namba hubadilika gemu linapofanyiwa marekebisho. Kila yakitoka, pitia daftari upya kabla hujalaumu vidole.

Hatua ya 2: Chagua aina ya mtego

Mtego rahisi ni wa asili: namba zenyewe zinatoa pengo la 1 hadi 3 bila wewe kuchelewesha kitu. Una +2, unafuata na pigo la fremu 5, pengo ni 3. Una +3, unafuata na la fremu 6, pengo ni 3. Uzuri wake ni kwamba gemu hukumbuka kitufe ulichobonyeza fremu chache kabla hujafunguka, kwa hiyo unaweza kubonyeza mapema kidogo na pigo litoke kwenye fremu ya kwanza kabisa. Anza na huu. Ukiwa na mitego miwili ya asili unayoitoa bila kukosea, tayari una mashambulizi yanayoogopwa.

Kati ya pengo la 1 na la 3, la 3 ni bora mara nyingi. Pengo la 1 linamnasa tu yule ambaye kitufe chake kinatoka papo hapo anapofunguka. La 3 linamnasa huyo, na pia yule aliyechelewa fremu moja au mbili.

Mtego wa kuchelewesha ni mgumu zaidi. Mapigo mepesi mengi yanaungana moja kwa jingine haraka, la pili likitoka kabla la kwanza halijamaliza kurudi, na hapo hakuna mwanya. Ukichelewesha la pili kidogo, mwanya unafunguka. Shida ni kwamba ukichelewesha mno, ule muungano unakatika, unalazimika kusubiri pigo la kwanza lirudi lote, na kama lilikuwa la −1 umerudi kwenye pengo la 5. Nafasi ya kubonyeza ni nyembamba. Watu hujifunza kwa mdundo wa sikio: mlio wa kugonga kinga, pumzi, kitufe. Kuangalia skrini hakusaidii sana.

Kuna mtego wa kukatisha, yaani pigo la kawaida halafu pigo maalumu juu yake, kama teke la chini la mhusika Ryu likifuatwa na Hadoken, mpira wake wa nguvu. Unalichelewesha kidogo pigo maalumu ili mwanya utokee. Unafaa kwa mbali kidogo, lakini una hatari yake na tutairudia chini.

Wa nne ndio ulioutawala mchezo huu: Drive Rush. Pigo la kwanza la kawaida linalotoka ndani ya Drive Rush linaongezewa fremu 4 za faida, likipata au likizuiwa. Kwa hiyo pigo lako la kati la −1 linageuka +3, na ukifuatisha pigo la fremu 6 una pengo la 3 safi. Gharama: ukianzia kwenye Drive Parry (kinga maalumu inayomeza mapigo) ni kibao 1 cha Drive, ile akiba ya nguvu ya mhusika, ukikatisha pigo la kawaida ni vibao 3 kati ya 6. Ile ya vibao 3 usiitumie kila mara kwa ajili ya mtego uliozuiwa. Ukimaliza vibao unaingia Burnout na mambo yanageuka dhidi yako.

Burnout ya mpinzani nayo inahitaji hesabu mpya. Akiwa hana Drive, anaganda fremu 4 zaidi kila anapozuia. Wachezaji wengi hufurahi wakaendelea na mitego ileile, wasielewe kwa nini hawapati kaunta tena. Jibu liko kwenye kutoa: pigo la −1 sasa ni +3, na ukiongeza Drive Rush ni +7. Pigo la fremu 6 baada ya +7 halina mwanya wowote. Hapo tumia pigo zito: la fremu 10 baada ya +7 linaacha pengo la 3, na kaunta ya pigo zito ni habari nyingine kabisa.

Hatua ya 3: Upime kwenye chumba cha mazoezi

Washa Frame Meter, ule mstari wa visanduku chini ya skrini. Kijani ni kuanza, nyekundu ni kupiga, bluu ni kurudi, njano ni kuganda. Mwambie mpinzani wa mazoezi azuie kila kitu. Kisha ingia Reversal Settings, mpangie kwamba kila akitoka kwenye kuzuia atoe ngumi yake ya fremu 4.

Sasa fanya mtego wako. Ukifanikiwa utaona neno Counter pembeni mwa skrini, na kwenye mstari wake visanduku vichache vya kijani vikikatizwa na njano. Ukiona njano imeunganika bila kijani katikati, umewahi mno, hukumwachia mwanya. Ukiona wewe ndiye umeingia njano, umechelewa. Mkigongana, pengo ni 4: chagua pigo linaloanza mapema kwa fremu moja.

Rudia mpaka utoe mara 10 mfululizo ukiwa upande wa kushoto, kisha 10 kulia. Baada ya hapo fanya jambo ambalo wengi huliruka: mpangie mpinzani majibu kadhaa yatoke kwa kubahatisha. Mara azuie tu, mara ngumi nyepesi, mara ajaribu kukutupa, mara OD Shoryuken, ngumi ya kuruka juu iliyoongezewa nguvu kwa Drive. Sasa kazi yako ni kutoa mtego uleule na kuangalia kilichotokea kabla hujaendelea.

Kama unachezea kwenye televisheni, iweke kwenye hali ya gemu kwanza. Picha inayochelewa itakufundisha mdundo usio wa kweli.

Hatua ya 4: Mpe sababu ya kubonyeza

Mtego bila chambo haukamati kitu. Mpinzani anayekaa kimya kwenye kinga hanaswi, kwa sababu mtego wa fremu ukizuiwa ni pigo la kawaida tu. Lazima kukaa kimya kumgharimu, na kinachomgharimu ni kutupwa.

Kutupa katika SF6 huanza kwa fremu 5 na hakuzuiliki kwa kinga. Basi fungua kwa pigo jepesi lililozuiwa, sogea nusu hatua, mtupe. Fanya hivyo mara mbili. Sasa kichwani mwake kuna swali: nibonyeze nimzuie asinitupe, au nikae? Mara ya tatu anza vilevile, pigo lilelile, umbali uleule, lakini badala ya kumtupa peleka pigo la mtego. Akijaribu ngumi, kaunta. Akijaribu kuvunja mtupo, mikono yake imetoka kutafuta kukukamata na ngumi yako inamkuta hapo, kaunta pia. Akijaribu kuruka, wahusika wengi wana fremu 4 za kujikunja kabla miguu haijaacha ardhi, na humo hawezi kuzuia.

Mwanzo wa mtupo na mwanzo wa mtego lazima vifanane kabisa. Ukiwa unatembea mbele kila unapotaka kutupa na unasimama kila unapotaka kutega, mpinzani makini atakusoma ndani ya raundi moja.

Wajanja watachelewesha: wanazuia pigo la mtego kwanza, ndipo wanabonyeza kuvunja mtupo. Kwa hao piga la kwanza, kisha rudi nyuma hatua ndogo tu nje ya mikono yake. Mtupo wake unakosa hewani, na wewe unampiga akiwa kwenye fremu za kurudi. Hiyo ni Punish Counter: fremu 4 za ziada badala ya 2, na Drive yake inapungua. Toa kombo kubwa uliyo nayo.

Hatua ya 5: Amua baada ya kuona

Usipeleke mfuatano wote kwa kichwa kilichofungwa. Pigo la pili la mtego liwe lile unaloweza kuligeuza: likipata kaunta, unaunganisha, likizuiwa, unasimama au unaanza upya. Anza kwa kutazama neno Counter na mkao wa mpinzani. Ukishindwa kuamua kwa wakati, ongeza pigo la tatu jepesi ambalo ni salama likizuiwa, likupe muda wa kuona. Kumalizia kila mtego kwa Shoryuken kwa matumaini ni kutoa zawadi. Ikizuiwa unarudi chini ukiwa huna kinga, naye ana muda wa kuchagua kombo.

Yanayoharibika, na kwa nini

Umbali ndio mharibifu mkubwa. Kila pigo lililozuiwa linawasukuma mbali. Namba zinasema pengo ni 3, lakini ngumi yako nyepesi ya tatu haimfikii, inakosa, naye anakuadhibu kwa teke refu. Pima mtego wako kutoka umbali unaoutumia kweli kwenye pambano, na si mkiwa mmegandana kama chumba cha mazoezi kinavyoanza. Mbali kidogo, tumia pigo la kati lenye mkono mrefu. Kwenye kona hali ni nzuri zaidi, maana yeye hana pa kusukumwa wala pa kurukia nyuma.

Drive Impact, pigo zito linalotumia Drive, ni jibu analolipenda kila mtu. Inaanza kwa fremu 26, na inameza vipigo viwili bila kukatika. Ukiwa umetoa ngumi nyepesi, una muda wa kuiona na kujibu kwa Drive Impact yako au kumtupa. Ukiwa umeshakatisha kwenda Hadoken, umefungwa, itakupata. Ndiyo hatari ya mtego wa kukatisha niliyoitaja. Mpinzani akianza kuonyesha Drive Impact, punguza kukatisha, ongeza mapigo mepesi yenye kurudi haraka.

Pigo lisilodhurika, kama OD Shoryuken au baadhi ya Super Art (mapigo makuu ya mhusika), linapita kwenye pengo lolote, hata la fremu 1. Hakuna namba ya kulizuia. Angalia vibao vyake: OD inahitaji vibao 2 vya Drive. Akiwa navyo na amekwama kwenye kona, mara moja moja piga la kwanza halafu shika kinga tu. Ikitoka ikazuiwa, umempata kwa Punish Counter, na hatathubutu tena haraka. Drive Reversal, pigo la kujibu ukiwa bado kwenye kinga, nayo inagharimu vibao 2, na chambo chake ni hichohicho cha kusimama.

Akitumia Drive Parry kwenye mwanya, ngumi zako zinamezwa na Drive yake inajaa. Mtupe. Kutupwa ukiwa kwenye Parry kunahesabiwa Punish Counter, na akionja mara mbili anarudi kwenye kinga ya kawaida.

Na kama hanaswi kabisa kwa sababu hagusi kitufe, usiongeze mitego. Mtupe, tembea, mtupe tena.

Ukihamia gemu jingine

Kanuni ya kutoa haibadiliki, kinachobadilika ni namba ya pigo la haraka la huko. Street Fighter V ilikuwa na mapigo ya fremu 3, kwa hiyo mtego ulihitaji pengo la 1 au 2. Katika Tekken 8 ngumi ya haraka ni ya fremu 10, na pengo linaweza kufika 9: una +5, pigo la fremu 14 linamnasa, la fremu 15 mnagongana. Ila huko mpinzani anaweza kukwepa kwa pembeni, na ngumi nyingi za haraka hupita juu ya aliyechuchumaa. Chagua kwanza pigo linalomfuata anayehama, na lile linalompata aliyeinama, ndipo ufanye hesabu ya fremu.